Sababu ya Kurudisha

Boksi nimelifunga kwa kamba ya katani,
gundi yao iliachia siku ya kwanza.
Nikashuka Dodoma saa nne, jua limeshakaa,
nikauliza duka la vifurushi la Majengo,
nikaonyeshwa mlango kati ya fundi cherehani
na muuza mafuta ya alizeti.

Kijana wa kaunta, Lameki Chilongani kwa kitambulisho chake,
hakuniuliza jina.
Aliuliza, "Mama, msimbo unao?"

Ninao.
Wendo wa kaka yangu alinihifadhia jana usiku.
"Shangazi, usiufute, hii ndiyo tiketi."
Nikalala na simu chini ya mto kama hati ya shamba.

Kimraba cheusi na cheupe,
na ule ufa wa kioo umekikata kona hadi kona.
Mashine ikatema mwanga mwekundu.
Kimya.
Ongeza mwanga, mama. Nikaongeza.
Inamisha kidogo. Nikainamisha.
Akafuta vumbi kwa pindo la shati lake,
lakini vumbi la Bahi halifutiki, linahama tu.
Nyuma yangu foleni ikakohoa.

Ndipo nikakitazama vizuri, mara ya kwanza.
Jamani, si majaruba haya!
Majaruba yetu ukiwa juu kilimani:
meusi yenye maji, meupe makavu,
kingo zimepita katikati.
Ila ya simuni meusi ni mengi.
Mwaka huu kwetu kingekuwa cheupe kitupu,
na mashine gani ingekisoma?

Tii.
Imekubali.

"Sababu ya kurudisha?"
Akanisomea: Haikutosha. Imeharibika.
Siyo niliyoagiza. Imechelewa.

Nikamwambia, mwanangu, gambuti zinatosha,
namba thelathini na tisa, kisigino kimetulia.
Hazina tundu. Kijani ni kile kile nilichokipenda.
Wala hazikuchelewa, ziliwahi,
ziliiwahi mvua, ndilo kosa lao.
Usiku wa kwanza nilizivaa ndani,
nikatembea juu ya saruji, kwapu, kwapu,
mume wangu akacheka mpaka akakaa chini.
Duka lilinipa siku thelathini.
Nilizitumia zote kutazama juu.
Miche ikawa kahawia kitaluni
na siku ya thelathini ndiyo leo.

Akabonyeza "Nyingineyo."
Akaandika kwa kidole kimoja: Mvua haikunyesha.
Mashine ikahesabu herufi, ikaridhika.

"Na ikinyesha kesho?"
Aliuliza akibandika stika, hakuniangalia.
Ni mtoto wa Mvumi huyu, lafudhi ilimtaja mapema,
anajua swali hilo halina kitufe.
"Nitaingia pekupeku," nikasema.
"Mpunga haujawahi kuniuliza nimevaa nini."

Elfu ishirini na sita, kwenye simu, siku saba za kazi.
Nimeshazigawa: uwele debe moja,
deni la Nyemo mwenye trekta, alilima akaondoka,
udongo ukabaki umefunua kinywa.
Boksi likapanda rafuni,
juu ya feni la mtu, chini ya gauni la mtu,
kamba yangu ya katani ikining'inia.
Nilitaka kuiomba. Nikaona aibu.

"Sasa unaweza kuufuta, mama. Umeshatumika."

Sijaufuta.
Nje, kwenye kivuli chembamba cha ukuta,
nimeufungua tena, nalitafuta jaruba letu.
Kona tatu zina miraba mikubwa, minene,
hao ni wenye pampu, nawajua kwa majina.
Kona ya nne haina kitu,
vidoto tu, vimetawanyika kama punje kwenye uwanja wa kupepetea.
Nimeweka kidole hapo.
Kioo ni cha moto.